Jicho la Sungura

Jumamosi hiyo watoto walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na sungura wake. Sungura wenyewe walikuwa wa katoni, Mwalimu Gundi amewakata kwa mkasi na kuwaachia masikio marefu kama vijiko. Kazi ya watoto ilikuwa kuwavika manyoya: unachovya kipande cha sponji kwenye rangi, unagonga juu ya katoni, unachovya tena, unagonga. Mkubwa wao alikuwa na miaka mitano, na mdogo miwili hajatimiza, kwa hiyo rangi nyingine iligongwa sakafuni, nyingine kwenye goti la jirani, na nyingine ikaliwa. Haikumdhuru mtu. Mwalimu Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, chumvi na rangi za keki. Gundi yake nayo ilikuwa uji wa ngano tu, mzito, na ndiyo iliyompa lile jina. Watoto walimbatiza, wazazi wakafuata.

Mama mkwe wake alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa ukumbi. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha hakuna mtoto anayetoka. Wapangaji wa jengo lile la ghorofa nne, wenye ukumbi huo, walimwita Bi Cherehani, kwa kuwa alishonea watu nguo miaka arobaini, mpaka macho yakaingia ukungu na mwanawe akamchukua waishi pamoja ghorofa ya pili. Watoto walimwita Bibi, basi. Kukaa pale mlangoni kulimchosha kuliko kushona kulivyowahi kumchosha. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama mikono ya mgeni aliyekaribishwa akaambiwa asubiri.

"Bibi, sungura wangu haoni."

Alikuwa Kibonge, binti wa miaka mitatu na kitu, mashavu yametuna kama amebania maandazi mdomoni. Alimsukumia Bibi yule sungura hadi puani.

"Mwambie Mwalimu akuchoree jicho."

"Nimemwambia. Amesema subiri."

Ni kweli Mwalimu alikuwa ameshikika. Alikuwa amepiga magoti kona ya mbali akimfuta mtoto aliyekalia sahani ya rangi. Bibi alimtazama, kisha akaingiza mkono ndani ya mkoba wake. Ndani mlikuwa na kopo la vifungo, mabaki ya miaka yote ile ya kushona. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu anashuka nalo bila kulifungua. Sheria aliijua. Mwalimu alikuwa na kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, na kila kitu kilichoingia ukumbini kilipimwa nacho: kikipita ndani ya kibomba, mtoto anaweza kukimeza, hakiingii. Alimweleza mama mkwe wake mara mbili, taratibu, kwa upole mwingi. Upole ule ndio uliomuuma.

Kimoja tu, Bibi alijiambia. Kitapata gundi, kitakauka, kitakuwa jicho.

Vidole vyake havikuhitaji macho. Vilichagua kifungo cha kola ya shati, cheupe, kidogo kama punje ya dengu. Akakichovya kwenye gundi, akakibandika pale alipodhani ndipo penyewe.

"Haya. Sasa anakuona."

Kibonge alicheka kicheko cha kufanya ukumbi mzima ugeuke. Bibi alikisikia kikimshuka kifuani kama chai ya moto, na kwa muda huo mikono yake haikuwa ya mgeni tena.

Hazikupita dakika kumi, Kibonge akalia. Hakuwa na kilio cha kunyang'anywa kitu. Alisimama katikati ya ukumbi, mdomo wazi, kidole kikielekeza puani.

"Jicho limeingia humu," alisema.

*

Mwalimu Gundi alimpigia simu mumewe, naye akaja mbio kutoka kwenye kibanda chake cha magodoro ng'ambo ya barabara, nywele zimejaa chembe za sponji. Alikuwa mtu wa kimo, mwenye mabega ya kubeba magodoro matatu kwa mpigo, na aliachiwa watoto kumi waliokuwa wanalia kwa sababu Kibonge analia. Wanawake wawili wakatoka na mtoto kwenda zahanati.

Bibi ndiye aliyempakata Kibonge na kumshika kichwa. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono mitulivu, lakini mtoto aligeuka wakati ndoano ndogo ilipogusa, na damu kidogo ikadondokea blauzi ya njano aliyovaa Kibonge. Mara ya pili kifungo kilitoka. Kililia ting! kwenye kibakuli cha chuma. Wakati huohuo mama Kibonge aliingia, bado amevaa sare ya kituo cha mafuta alikokuwa zamu, harufu ya petroli imemtangulia.

Alimchukua mtoto wake kwanza. Alimpapasa mwili mzima, akamfuta, akambusu, halafu akainama kwenye kibakuli.

"Hiki nini?"

"Kifungo," alisema daktari. "Tumshukuru Mungu hakikushuka. Kingeshuka kwenye njia ya hewa tungekuwa tunazungumza mengine."

"Kimetoka wapi?"

Mwalimu Gundi alikitazama kile kifungo. Kilikuwa na matundu manne, kimetengenezwa kwa gamba la kombe, cha zamani, cha aina ambayo haiuzwi tena. Nyumba nzima ile mwenye vifungo vya namna hiyo alikuwa mtu mmoja tu. Bibi aliona, hata kwa macho yake mabovu, mabega ya mkwewe yakipanda na kushuka mara moja.

"Kimetoka darasani kwangu," Mwalimu alisema. Hakugeuka kumtazama mama mkwe wake. "Kosa ni langu, mama Kibonge. Nisamehe."

Bibi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno, aliyahisi yamejipanga kabisa ulimini. Kilichotoka kilikuwa, "Pole, mwanangu. Pole sana."

Mama Kibonge alimvua mtoto ile blauzi ya njano. Aliikunjua mbele ya dirisha, penye mwanga, akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la wazazi.

*

Alasiri simu ya Mwalimu haikutulia. Ilikuwa juu ya meza ya chakula ikitetemeka na kusogea yenyewe kama mende aliyelala chali. Mwalimu hakuigusa. Fundi Godoro, mumewe, ndiye aliyeichukua akasoma kwa sauti, na kila alipomaliza ujumbe mmoja sauti ilipanda.

"'Mimi wangu alirudi na rangi masikioni nikanyamaza.' Huyu nani? 'Hivi anafundisha nini hasa? Kuchafuka?' Wengine hawa. 'Watoto wetu wanafanyiwa majaribio.' Na huyu hapa, 'Wangu harudi tena.' 'Na wangu.' 'Na wangu.'" Alisogeza kidole kwenye kioo. "Mwenyekiti wa wapangaji ameandika. Kikao kesho saa kumi. Ufunguo wa ukumbi urudishwe kabla ya hapo."

"Sawa," alisema Mwalimu. Alikuwa akikunja nguo.

"Sawa? Umeacha kazi shule ya chekechea kwa sababu wanawashikisha kalamu watoto wa miaka mitatu. Nikasema sawa. Nikakukatia sponji za nyota, sponji za mwezi, sponji za samaki. Wateja wananiuliza, Fundi, siku hizi magodoro yako yana mashimo? Haya. Si wewe mwenye sheria ya kibomba? Kifungo kilipitaje?"

"Kilipita."

"Kilipitaje, mke wangu? Hata Mama hapa, na macho yake haya, angekiona!"

Bibi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alimngoja mkwewe aseme. Ingetosha kichwa kugeuka tu, au jicho moja kumwangukia. Mwalimu alimaliza kukunja shati la mumewe, akalinyoosha kola kwa kiganja, akachukua lingine. Bibi, aliyekuwa na kila nafasi ya kusema kweli, aliiacha ipite. Alisema kichwa kinamgonga. Akaenda kulala na jua bado lipo.

*

Asubuhi ya Jumapili alimkuta Mwalimu chini ukumbini, peke yake, amepiga magoti. Alikuwa anabandua rangi iliyokauka sakafuni kwa ukingo wa kijiko, tone moja baada ya jingine. Sungura kumi walikuwa wamepangwa dirishani. Wa kumi na moja, yule mwenye alama ya gundi mahali pa jicho, alikuwa amelazwa peke yake mezani.

"Mwenyekiti asije akasema tumemwachia uchafu," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa.

Mwanamke wa ghorofa ya tatu alipita na mwanawe. Mtoto aliona sungura dirishani, akavuta mkono wa mama yake, "Wangu yule! Wangu yule!" Mama alimvuta upande wa pili kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na mbwa. Hakusalimu. Mwalimu aliendelea kukwangua mahali ambapo hapakuwa na rangi tena.

"Mwanangu," Bibi alianza.

"Angalia, Mama, hapo bado pamelowa. Usije ukateleza."

Bibi alirudi hatua moja. Na maneno nayo yakarudi.

*

Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa karani mstaafu wa posta. Miaka kumi tangu aondoke kaunta, bado aliendesha vikao kana kwamba mbele yake kuna foleni. Ukimaliza kusema alipiga meza kidogo na kuita, "Anayefuata!"

Walikuja watu wengi kuliko wazazi wenyewe. Wengine hawakuwa na watoto, walikuwa na Jumapili tu. Viti vya watoto vilikuwa vifupi, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakiwa yamefika kidevuni, na jambo hilo halikumpunguzia mtu hasira.

Mama Kibonge alisimama wa kwanza. Hakupiga kelele. "Mimi Jumamosi niko kazini," alisema. "Kuomba ruhusa kule ni kuomba kufukuzwa. Mwanangu sina pa kumwacha. Nilimwacha kwa Mwalimu kwa sababu nilimwamini. Jana nimepigiwa simu, nimeacha pampu, gari la mtu liko wazi, nimekimbia barabarani na sare. Njia nzima nilikuwa najua nakwenda kukuta maiti. Ni hayo tu."

"Anayefuata!"

Mwalimu Gundi alisimama. Alisema anaomba radhi kwa mama Kibonge na kwa Kibonge. Hana utetezi. Aliyekuwa na jukumu ukumbini ni yeye. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

Mwenyekiti hakuuchukua. "Nina swali moja la kumbukumbu za kikao. Kifungo kilitoka wapi?"

"Nimesema kosa ni langu."

"Hilo tumelisikia. Mimi nauliza kilitoka wapi. Hata barua huwa na mtumaji."

"Kosa ni langu," Mwalimu alisema tena, akausukuma ufunguo mbele.

Bibi alijikuta amesimama. Alishika mgongo wa kiti cha mwanawe.

"Kilitoka kwangu," alisema. "Kwenye kopo langu la vifungo. Mimi ndiye niliyempa mtoto, kwa mkono wangu huu. Mwalimu hakujua. Mwalimu alishanikataza, tena mara mbili. Nilijifanya najua kuliko yeye."

Nje bomba lilikuwa likidondosha maji. Fundi Godoro aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Mama Kibonge aligeuka polepole.

"Jana si ni wewe uliyekuwa umempakata mwanangu?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Kumbe unajua. Umemshika kichwa, damu inamtoka, na unajua. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani, Bibi? Mimi?"

"Niliwaogopa nyote," alisema Bi Cherehani. Alitaka kuongeza mengi, kwamba mtu akishafika umri wake jina zuri ndicho kitu pekee anachobaki nacho ndani ya nyumba ya mwanawe, lakini alisikia ni maneno ya kujihurumia, akayaacha. "Sina zaidi. Kama kuna wa kufukuzwa humu, si Mwalimu."

Mwenyekiti alisahau kuita anayefuata. Watu walianza kusema kwa pamoja. Mmoja alisema ukumbi ufungwe hivyohivyo. Mwingine alisema ugeuzwe sehemu ya kuegesha pikipiki. Hapo mama Kibonge akapiga kofi mezani.

"Pikipiki zitanilelea mtoto? Mimi sijasamehe, msiniwahi. Lakini leo mwanangu kitu cha kwanza alichouliza ni sungura wake. Hajauliza pua, kauliza sungura. Nikifunga ukumbi, Jumamosi ijayo nimfungie ndani peke yake na jiko? Nani kati yenu atakaa naye? Mnyooshe mikono."

Hakuna mkono ulionyooka. Mtu wa pikipiki alichunguza kucha zake.

Waliamua hivi: ukumbi ubaki wazi, kila Jumamosi mzazi mmoja akae ndani kwa zamu, na Bi Cherehani asiingie. Sharti la mwisho mwenyekiti alilisoma kwa haraka, macho kwenye karatasi. Bibi aliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

*

Ngazini mwanawe alipita bila kumsemesha. Alikuwa anaona aibu, na hakujua aione kwa ajili ya mama yake au kwa ajili ya yale aliyomwambia mkewe jana. Usiku ndipo alipokwenda kumwomba mkewe radhi, jikoni, kwa sauti ya chini, mlango wameurudishia. Kabla ya hapo Bibi na mkwewe walibaki kwenye kibaraza kidogo cha ghorofa ya pili, wameegemea ukuta.

"Ulinifichia siri, mwanangu," alisema Bibi. "Mungu akulipe. Sikustahili wema ule."

"Haukuwa wema."

Bibi alimgeukia.

"Nilikuwa na hasira, Mama. Kile kifungo nilikijua papo hapo. Nilinyamaza nione utakaa kimya mpaka lini. Jana wakati unakunywa chai, nilikuwa nahesabu moyoni. Nikasema, atasema sasa. Nikasema, basi atasema asubuhi. Kila ulivyonyamaza nilipata raha fulani mbaya." Alijifuta uso kwa ukingo wa mtandio. "Kwa hiyo usinishukuru."

Chini mtoto alikuwa akiburuta gari la kopo kwenye saruji.

"Na mimi nikuambie langu," Bibi alisema. "Ulinipa kazi ya mlango."

"Nilitaka upumzike."

"Mlango una komeo, mwanangu. Ukilifunga, mimi wa nini?"

Mwalimu alikumbuka jinsi alivyoifikiria ile kazi, kwa dakika moja tu, siku ya kwanza kabisa: mzee apewe kitu cha kushika. Na yeye ndiye aliyeacha shule kwa sababu watoto walikuwa wanapewa kitu cha kushika ili wakae kimya.

"Sasa ungetaka kazi gani?" aliuliza mwishowe, na hakuuliza kwa upole ule wa siku zote. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Ya kushona. Nyingine siijui."

"Watoto wa miaka miwili, Mama. Sindano?"

"Nani kataja sindano?"

*

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto wanne. Ya pili walikuja sita, na Kibonge mmojawao. Bibi hakushuka. Aliwasikia kupitia sakafu, vilio na vicheko na ule mlio wa sponji zikigonga. Kopo la vifungo alikuwa ameshaligawa kwa fundi cherehani wa barabarani, aliyelipokea kwa mikono miwili asiamini. Sasa alikuwa na maboksi matupu ya magodoro, aliyoletewa na mwanawe, na msumari mnene wa kutobolea. Alikata katoni kwa kupapasa: samaki, jani, kiatu, kila moja kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Akazitoboa ukingoni, matundu mapana, yameachana sawasawa. Halafu alikata nyuzi za kufumia, za rangi, fupi, zisizoweza kumzunguka mtoto shingoni, ncha moja ya kila uzi akaifunga kwenye katoni, na ya pili akaichovya kwenye gundi ya ngano na kuianika. Ikikauka inakuwa ngumu kama ncha ya kamba ya kiatu. Haihitaji sindano.

Kila katoni aliipima kwa kibomba. Iliyopita ilikwenda kwenye taka. Mwalimu alimkuta siku moja akipima urefu wa uzi kwa uso mkali kama afisa wa forodha, akacheka, halafu akaketi kumsaidia. Waliongea mambo ya kawaida tu, bei ya mkaa, jino la Fundi Godoro linalouma na ambalo hataki kulipeleka kung'olewa. Lakini waliongea.

Jumamosi ya nne mlango uligongwa kwa nguvu. Alikuwa mama Kibonge. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake wa kituoni ili akae ukumbini.

"Shuka," alisema. Hakutanguliza salamu. "Watoto tisa, Mwalimu mmoja, na mimi nimeshapakwa rangi mpaka kwapani."

"Sharti linasema nisiingie."

"Mimi ndiye niliyekuwa na kesi. Nimesema shuka."

"Na mwenyekiti?"

"Mjukuu wa mwenyekiti ndiye anayelia kuliko wote. Yeye mwenyewe amesimama dirishani anajifanya anakagua bomba." Aliangalia zile katoni zilizopangwa juu ya kitanda. Akaokota samaki mmoja, akapitisha kidole kwenye matundu. "Hizi zinamezeka?"

"Pima," Bibi alisema, akampa kibomba.

Mama Kibonge alipima. Alipima samaki, jani na kiatu, na hakuona haya kupima kila kimoja. Kisha akazibeba zote kifuani, akatangulia ngazi.

Ukumbini Bibi hakukaa kwenye kiti cha mlangoni. Mwalimu alimtandikia mkeka katikati. Watoto walimjia mmoja mmoja, halafu kwa pamoja, kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa. Aliwaonyesha kwa vidole, kwa sababu macho yasingemsaidia. "Anaingia chini, anatokea juu. Hodi, anaingia. Hodi, anatoka." Mtoto wa miaka miwili alisukuma uzi kwenye tundu, akauona ukichomoza upande wa pili, akapiga yowe la mtu aliyevumbua kitu. Mjukuu wa mwenyekiti alinyamaza. Mwenyekiti naye aliingia, akasema amekuja kuangalia usalama, na baada ya muda akaonekana amekaa chini, miwani kwenye ncha ya pua, akihangaika na jani lake.

Kibonge hakukaa na wenzake. Alizunguka akaenda nyuma ya Bibi, akatulia huko kimya kwa muda mrefu, na kwa mtoto kama yeye hilo lilikuwa la kutilia shaka. Mama yake alimwita mara mbili akaitikia "niko" bila kutokea. Bibi alihisi tu sweta lake, lile la kufumwa lenye matundu makubwa, likivutwa-vutwa kiunoni, lakini alikuwa ameshika vidole vya mtoto mwingine na hakujali.

Muda wa kufunga ulipofika, alishika bega la Mwalimu akainuka. Samaki wa katoni akainuka naye. Alining'inia nyuma ya sweta, ameshonwa upande mzima, uzi mwekundu, uzi wa kijani, umeingia chini na kutokea juu, hodi na hodi.

"Wewe!" mama Kibonge alipaza sauti. "Umemfanya nini Bibi?"

"Nimemshona," alisema Kibonge. "Asiende."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, akaanguka kwenye mojawapo ya vile viti vifupi huku ameshika tumbo. Mwenyekiti alifuata, kisha watoto wote, waliocheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Mama Kibonge alijizuia kadiri alivyoweza, akashindwa, akachukua mkasi mezani ili amkatie Bibi huyo samaki.

"Weka mkasi chini," alisema Bi Cherehani.

"Utapanda ngazi na samaki mgongoni?"

"Nitapanda."

Alipeleka mkono nyuma, akautafuta ule mshono, akaupapasa kwa kidole gumba mwanzo hadi mwisho, polepole, kama alivyopapasa mishono maisha yake yote kabla ya kumkabidhi mteja nguo yake. Alikuwa anatafuta mahali ulipolegea. Hakupaona.